Majibu ya Namba Kumi na Saba

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeufunika Mlima Hanang mpaka kiunoni, na upepo wa kijiji cha Gendabi ulikata masikio. Letisia alishuka kwenye pikipiki, akasimama nyuma ya zizi kusali. Aliomba jambo moja tu: Bwana amshike ulimi.

Alikuwa na miaka arobaini na sita. Mchana alipima damu za wagonjwa katika maabara ya hospitali. Jioni alisomea shahada ya uzamili ya sayansi ya tiba, pamoja na vijana waliomwita Bibi Hadubini. Novemba alikuja hapa kuchukua damu za watu sitini, kutafiti ule ugonjwa wa kutupa mimba ambao ng'ombe humwambukiza mtu kwa maziwa mabichi. Aliwaahidi majibu kabla ya Pasaka. Yalitoka Februari. Msimamizi wake chuoni akayakalia: "Wakianza dawa sasa, damu za awamu ya pili hazitafaa. Subiri." Naye Letisia, kwa hofu ya kufelishwa, akanyamaza.

"Shikamoo, mzee Gidamis."

Mwenye boma alimkazia macho, fimbo magotini. Watu walikaa mbele ya boma wamejifunika mashuka, na hakuna aliyempa kigoda.

"Nimekuja kuwaeleza habari za kuchemsha maziwa," alianza.

"Damu ulichukua, leo unatuletea sufuria!" Gidamis alicheka bila furaha. "Mimi ni nani kwenye daftari lako?"

"Kila mtu ana namba, mzee. Ni kwa ajili ya siri."

"Nina ng'ombe arobaini. Kila mmoja namjua kwa jina, na jina la mama yake. Wewe umesoma mpaka mvi zimetoka, unatuita namba! Haya, huyu mkwe wangu ni namba ngapi?"

"Kumi na saba," Sara alijibu mwenyewe, kichwa chini. "Kikaratasi ninacho. Mimba yangu ilitoka Aprili, mama. Ya tatu."

Jibu la kumi na saba Letisia alilisoma Februari kwa macho yake: ugonjwa upo. Dawa zipo. Mimba ile ilikuwa bado hai, na jibu lilikuwa limefungiwa kabatini. Alimchukia msimamizi, kisha akajichukia mwenyewe, na chuki hii ya pili ndiyo iliyomchoma zaidi.

"Ulijua?" Sara aliuliza.

"Nilijua."

Gidamis akainuka na fimbo yake. "Ondoka kwangu!"

Hakuondoka. Alitoa simu, akampigia msimamizi, akaweka spika, akaiinua juu wote wasikie.

"Daktari, niko Gendabi. Watu niliowachukua damu wanakusikia."

"Usiwape chochote! Ukitoa majibu, hiyo shahada isahau, mama."

"Umesikia, mzee?" Letisia aliuliza.

"Nimesikia," Gidamis alisema polepole, akaishusha fimbo.

Letisia alikuwa ameomba ulimi wake ushikwe. Sasa akaona umeachiliwa.

"Basi nisikieni nyote, na wewe daktari uwe shahidi. Jumatatu asubuhi nitarudi hapa na mganga wa zahanati, na dawa, na karatasi sitini. Kila mtu nitamwita kwa jina lake, pembeni, nimpe jibu lake mkononi. Nitaanza na Sara. Joho la shahada wavae wengine, mbele za Mungu nimesema."