Hasifa na Mizani ya Masese

Vita vilipokwisha na barabara ya Mbale kwenda Jinja ikapitika tena, Hasifa alirudi kazini Jinja akakuta ofisi ya samaki haina hata mlango. Meza zilikuwa zimegeuzwa kuni. Alikuwa amesomea uvuvi, akaajiriwa, kisha risasi zilipozidi akakimbilia kwao Mbale. Sasa mkuu wake, mzee Wamboga, alimkabidhi mizani mpya ya kutundika na kazi moja: kupima samaki wanaoshushwa kwenye mwalo wa Masese, ili Uganda iwe na la kusema katika kikao cha nchi tatu zinazochangia ziwa.

"Wenzetu wa Kenya na Tanzania watakuja na takwimu," Wamboga alimwambia. "Sisi tusiende kuwakodolea macho tu."

Hasifa hakuwa na wasiwasi. Kazi aliijua. Asubuhi ya kwanza alifunga mizani kwenye boriti ya banda la mwaloni, akawasalimu watu kwa Kiswahili, lugha ya nyumbani kwao, nyumba ya Waislamu wafanyabiashara. Hapo ndipo alipoharibu. Wanawake waliokuwa wakiparua magamba walifunika mabeseni yao. Mtumbwi uliokuwa unakaribia ukageuza. Isabirye, mwenyekiti wa wavuvi, mtu wa mabega mapana na maneno machache, akamjia kumwambia kwamba leo samaki hawakupatikana.

"Na hawa ninaowasikia harufu?" Hasifa aliuliza, safari hii kwa Lusoga, lugha ya wenyeji.

Isabirye alimtazama upya, akamwita bibi kwa lugha hiyo. "Nyabo, miaka yote ile, aliyetuuliza kwa Kiswahili tumepata samaki wangapi alikuwa na bunduki. Ukisema wengi, anachukua. Ukisema wachache, anakupiga kwamba umemdanganya. Mdogo wangu alimjibu mmoja wao, na mpaka leo hatujui alizikwa wapi. Wewe unataka tukujibu nini?"

Hasifa alimpa pole, lakini mizani hakuiondoa kwenye boriti. Kesho yake alirudi, na keshokutwa, akizungumza Lusoga chake chenye lafudhi ya kwao mlimani ambacho kiliwachekesha wanawake. Wa kwanza kumletea samaki alikuwa Nangobi, mjane aliyekuwa akikausha sangara kwa moshi, maana alichoka kupunjwa uzito na wanunuzi waliokuja na malori. Hasifa alipima, akautaja uzito kwa sauti kila mtu asikie. Wengine wakaanza kusogea. Isabirye alibaki mbali.

Kisha adhuhuri moja likaja gari la wazi. Mwanajeshi mmoja alishuka, wenzake wakabaki ndani.

"Wewe mama," alimwambia Hasifa, "iko samaki ngapi hapa? Toa ile kubwa kubwa."

Hasifa alijibu kwa Kiswahili, pole pole, kama mtu aliye dukani kwake.

"Karibu, afande. Kila samaki anayetoka hapa anapimwa, na tunaandika amekwenda wapi. Hao unaowataka niandike wamechukuliwa na nani? Nipe jina na kikosi."

"Mimi iko na njaa, wewe nauliza jina?"

"Njaa si kosa. Ila karatasi hii inakwenda kwa wakubwa, halafu inasomwa mbele ya wageni wa Kenya na Tanzania. Siwezi kuwasomea kwamba samaki wametoweka."

Mwanajeshi aliitazama mizani, akawatazama wanawake ambao safari hii hawakufunika mabeseni. Akacheka kidogo bila furaha, akatoa noti mfukoni, akanunua ngege mmoja, samaki ambaye wengine humwita sato. Hasifa alimpima yule ngege, akautaja uzito wake kwa sauti ile ile. Gari lilipoondoka aliketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa.

Isabirye alikuja na samaki wote wa mtumbwi wake. "Pima," alisema.

Baada ya hapo kazi ilikwenda vizuri mpaka siku ya kuandaa ripoti. Jedwali la kikao lilitaka takwimu za miaka ya nyuma pia.

"Jaza tu," Wamboga alisema. "Chukua mwaka wa mwisho tuliopima, punguza kidogo kidogo. Nani atajua?"

"Mzee, wakigundua kwamba takwimu zile tumezibuni, hata hizi tulizozipima hawataziamini. Miaka ya vita tuiache wazi."

Wamboga alimsukumia jedwali. "Basi ripoti utaisoma wewe."

Kikao kilifanyika Mbale, mji aliokulia, naye akaingia ukumbini kama mwenyeji. Alipofika kwenye miaka ile alisema, "Hapa hatukupima. Watu wetu walikuwa wanakimbia." Hakuna aliyecheka. Ndipo Akoth, ofisa wa samaki kutoka Kisumu, aliponyoosha mkono.

"Dada Hasifa, kuna sangara wanaovuliwa kwenu na kuuzwa kwa mitumbwi yetu huko huko majini. Mnawahesabu?"

"Hapana. Hawafiki mwaloni kwetu. Nyinyi je?"

"Tunawaandika kama wa Kenya, kwa kuwa wanashukia kwetu." Akoth aliweka kalamu chini. "Kumbe kwenu tunaona samaki wanapungua, kwetu tunaona wanaongezeka, na ziwa ni moja."

Mabishano yakachukua siku nzima. Mwishowe walikubaliana kwamba popote samaki atakaposhushwa, pataandikwa pia alipovuliwa, na nchi zote tatu zitapima kwa namna moja, katika wiki moja ya kila mwezi. Wamboga ndiye aliyependekeza hilo la wiki, na alilitetea kwa nguvu.

Mwaka uliofuata ripoti ya kwanza ya pamoja ilitoka. Hasifa aliisoma mwaloni Masese kwa Lusoga, na kwa Kiswahili kwa ajili ya madereva wa malori kutoka Kenya. Isabirye alimkatiza katikati.

"Hiyo hesabu ya ngege siikubali, nyabo. Ni ndogo. Mmesahau wale wa upande wa kisiwani."

Watu wakaanza kubishana, huyu akisema ni kweli, yule akisema ngege wenyewe wamepungua kwa sababu ya nyavu za matundu madogo. Hasifa aliwaacha wabishane, akavuta kiti, akamwita Isabirye aje amwonyeshe ni kisiwa kipi.