Mpaka Nifike Uwemba

Mimi hata msikitini naenda na gari. Nalisema mapema ili mtu asinidhanie mengine. Kutoka mlangoni kwangu hadi msikiti wetu pale Makambako ukirusha jiwe kwa nguvu linafika, na bado nawasha Kenta, lori langu dogo. Watoto wa mtaani wananicheka, na shehe amenisema mpaka amechoka. Nimekaa nyuma ya usukani tangu nilipotoka Kondoa nikiwa kijana, na barabara za huku nazijua kwa gia: wapi unashuka na namba mbili, wapi ukungu unakungoja, wapi trafiki wanapenda kusimama. Miguu kwangu ni ya kukanyagia pedeli.

Basi mke wangu Feliciana akaamua kwenda Uwemba kwa miguu.

Feliciana ni Mbena, Mkatoliki, na tulipooana kila mmoja alibaki na dini yake. Watu walitutabiria mabaya, wakangoja, wakachoka kungoja. Tulipata mtoto mmoja tu, Issa, akafuata dini yangu na mapishi ya mama yake. Alipokua nilitaka aendeshe Kenta pamoja nami. Hakutaka. Alisema viazi vinanuka, yeye anataka kwenda mbali. Mwezi wa tatu alipanda lori la dereva aliyekutana naye kwenye mizani ya malori, akawa utingo, wakaelekea Zambia. Alitupigia simu akiwa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akasema mvua inanyesha na amekula vizuri. Baada ya hapo simu yake haikupatikana tena.

Nilifanya anachofanya mwanaume mwenye gari. Nilikwenda Tunduma, nikavuka hadi Nakonde, nikauliza madereva, mama lishe, askari, mawakala wa forodha. Nilionyesha picha yake kwenye simu mpaka kioo kikaanza kufutika. Lori lenyewe hatukulijua namba wala mwenyewe. Nilirudi nyumbani na mikono mitupu, nikalala siku nzima nimeelekea ukuta. Feliciana hakunilaumu. Alikaa miezi akipika chakula cha watu watatu, kisha mwezi wa nane ulipoingia akasema anakwenda hija Uwemba, kwenye kanisa la kule mbele ya Njombe, kumwombea Issa arudi.

"Issa ni Mwislamu," nikamwambia.

"Na mimi ni mama yake."

Kuna hija ya wenye nazo, wanakodi basi na kushonesha vitenge vya sare. Hii haikuwa hiyo. Hii ilikuwa ya watu kumi na kitu wakiongozwa na katekista Fidelis, mzee mmoja mwembamba asiyekwisha maneno. Masharti yao yalinitia hasira nilipoyasikia. Hakuna kupanda chombo chochote. Hakuna kubeba hela. Wanakula walichobeba na wanachopewa njiani, wanalala sakafuni kwenye vigango, yale makanisa madogo ya vijijini. Na chakula kinachotoka nyumbani kwako mwenyewe baada ya kuanza safari hakihesabiki kuwa umepewa.

"Yaani mimi mumeo nikikupa mkate njiani, hauli?"

"Cha kwangu si sadaka, Baba Issa. Ningekaa nyumbani nikala."

Waliondoka Makambako asubuhi ya baridi kali, ile ambayo mtu anaongea na moshi unamtoka. Niliwamulika kwa taa za gari, ndicho nilichoweza. Kabla ya kuanza walisimama duara, kila mmoja akataja nia yake kwa sauti. Kwao ni desturi: ukishataja, wenzako wote wanayarudia maneno yako ya mwisho, ili mzigo usiwe wako peke yako. Jirani yetu Dafroza alimwombea binti yake apone kifafa. "Apone," wakaitikia. Ikafika zamu ya mke wangu.

"Namwombea mwanangu Issa, arudi nyumbani."

"Arudi nyumbani," wakasema wote. Mimi nilinyamaza. Kila mtu na kwake.

Siku ile nilikuwa na safari ya Njombe kupakia viazi. Niliwapita kabla jua halijachoma ukungu. Nikapunguza mwendo, nikashusha kioo, nikamwambia Feliciana kwamba kiti cha mbele kiko wazi. Alinipungia mkono kama mtu anayefukuza kuku. Mzee Fidelis akanisalimia "kamwene" kwa heshima zote, nikamjibu shingo upande. Niliporudi mchana na mzigo niliwakuta wanapanda mlima, Feliciana nyuma kabisa, khanga imelowa jasho kwa baridi yote ile, na viatu vyake vya raba kavishika mkononi. Vilikuwa vimemchubua. Nina gari la kubeba tani tatu na siwezi kumbeba mke wangu. Nilipiga usukani ngumi mpaka honi ikalia yenyewe.

Ndipo nikapata akili niliyoiona kubwa. Usiku wao wa kwanza ungekuwa Mtwango, na pale Mtwango yupo Mama Anjela anayeniuzia chai. Jioni nilimpelekea wali na maharage ya nazi yanayopendwa na mke wangu, mengi ya kuwatosha wote, nikamwomba apeleke kigangoni aseme ni yake. Mama Anjela ni mtu mwema, alipeleka. Nikarudi zangu Makambako nikipiga mluzi.

Asubuhi nilipowakuta njiani, Feliciana alinisimamisha mwenyewe. Nikajua kuna neno.

"Baba Issa. Hotpoti yangu ya maua imefikaje Mtwango?"

Nilipakia wali kwenye hotpoti ya harusi yetu, ile yenye ufa kwenye kifuniko, na sikufikiria kabisa. Mwanaume hajui kama vyombo vya nyumbani vina sura. Dafroza aliziba mdomo kwa khanga. Kisha Feliciana akacheka. Alicheka mpaka akashika mlango wa gari, na machozi yakamtoka, na mimi nikacheka kwa sababu yeye anacheka. Tangu mwezi wa tatu sikuwa nimeisikia sauti ile.

"Mlikula?" nikamuuliza.

"Wenzangu walikula. Mimi nilinusa." Akajifuta macho. "Atarudi, Baba Issa. Usiku nimelala kwenye saruji na nimelala usingizi. Atarudi."

Nilimwamini. Nalisema wazi kwa sababu sikuwa mtu wa kuamini vitu vya miguu. Siku ile nzima niliendesha nikiwa mwepesi, nikawapisha hata bodaboda.

Siku ya tatu ndiyo ya kufika. Walikuwa wamelala Njombe mjini, na alfajiri wakashika njia ya Uwemba. Mimi nilikuwa sokoni Njombe, vijana wanapanga magunia kwenye Kenta, Ussi akanipigia simu. Ussi ni dereva mwenzangu, anaendesha lori la Zambia, na tangu Issa apotee alikuwa anauliza kila anaposimama. Alinisalimia mara mbili. Mtu akikusalimia mara mbili kwenye simu, kaa chini. Nilikaa juu ya gunia.

Alikuwa karibu na Mpika, ndani kabisa ya Zambia. Gari lake lilikuwa limegongwa taa, akaenda kituo cha polisi kuandikisha. Pembeni ya meza, kwenye lundo la vitu visivyo na wenyewe, akaliona begi jeusi limeandikwa kwa peni nene: Issa Nasiri, Makambako. Ule mwandiko ni wa Feliciana. Aliuandika yeye siku Issa anaondoka, akisema begi lisipotee.

"Lori lilipinduka mwezi wa tatu, kaka," Ussi akasema. "Usiku ule ule waliovuka. Yeye na dereva wake. Hawa watu Makambako hawaijui, waliona ni jina la mtu. Wakangoja, hakuna aliyekuja, wakawazika. Nimepelekwa nikaona. Pana kibao cha namba."

Nilimuuliza kama ana hakika. Swali la kijinga. Akasema begi analo yeye mkononi, ndani mna sweta la bluu na sabuni.

Sijui nilikaa pale muda gani. Kijana wa kupakia aliniuliza kama waongeze gunia, nikamwambia ongeza, akaniuliza tena, nikamwambia ongeza. Miezi yote ile tulipokuwa tunamtafuta, wakati Feliciana anapika kwa watu watatu, mtoto alikuwa amekwisha lala. Sikuweza kulia. Nilichofikiria ni yule mwanamke njiani na vidonda vyake, kila hatua anayopiga anamwombea arudi, na hatua zimebaki chache. Nikaamua. Namfuata, namwambia, namweka kwenye kiti cha mbele, tunakwenda nyumbani kuweka msiba. Nini tena? Kuna mtu anayeacha mwenzake atembee kuomba kitu ambacho hakipo?

Niliwakuta njia ikiwa imeingia kati ya mashamba ya chai. Walikuwa wanaimba. Feliciana hakuwa nyuma tena, alikuwa katikati, anachechemea na anaimba. Nikapunguza mwendo, nikashusha kioo kama siku zote, na neno halikutoka. Yeye alikuwa ananitazama kwa uso ule wa kicheko cha jana, akingoja nimtanie.

Nikasogea mbele kidogo, nikaegesha pembeni na mzigo wote, nikazima injini. Nikashuka na kandambili zangu za kuendeshea. Nikawangoja wanifikie, kisha nikaanza kutembea kando yake. Nilifanya hivyo kwa kukosa la kufanya. Nilidhani nikitembea kidogo maneno yatakuja.

Feliciana aliacha kuimba.

Alitazama nyuma, kwenye Kenta iliyokaa peke yake na viazi vyake. Akatazama miguu yangu. Alinijua tangu akiwa msichana anauza njegere stendi, na hakuwahi kuniona nikiliacha gari lenye mzigo barabarani nikatembea. Uso wake ukabadilika taratibu, nami nilikuwa naliona hilo na siwezi kulizuia.

"Umeiacha gari," akasema.

"Nimeiacha."

Tukatembea. Wenzake waliendelea na wimbo. Mzee Fidelis aligeuka, akaniona natembea, akafurahi sana, akanyanyua rozari yake juu kunipongeza. Niliona haya kama mwizi.

"Mama Issa," nikaanza.

"Usiseme." Alinishika kifundo cha mkono, mkono wake ulikuwa wa baridi. "Nakuomba, usiseme. Mpaka nifike."

Basi nikatembea. Kandambili moja ilikatika mshipi, nikaibeba. Ule mwendo sitausahau. Wakulima wa chai walisimama wakatusalimia, mama mmoja akatupatia viazi vitamu vya kuchemsha vya moto kwenye kikapu, Feliciana akapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akala. Alikula kiazi kizima. Kingine akanimegea nami. Nilitafuna kile kiazi na habari ya mwanangu imo mdomoni humo humo. Hakuniachia mkono wala hakunitazama. Nilitamani njia iishe na nilitamani isiishe, na miguu yangu haikuniuliza nataka lipi.

Kanisa la Uwemba lilipoonekana, Mzee Fidelis alituweka duara kwa mara ya mwisho. Kila mtu ataje nia yake mbele ya mlango, akasema, kisha tuingie. Dafroza akasema yake. "Apone," wakaitikia. Mwingine akaomba mume aache pombe, mwingine akaombea ng'ombe, na hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wamechoka na wameng'aa nyuso.

Zamu ikafika kwa mke wangu.

"Namwombea mwanangu Issa," akasema.

Nilimwona akilitafuta neno la kuweka pale, na lililokuwepo halikuwa lake tena. Lakini wenzake walikuwa wamelisema siku tatu, kila kituo, wamelikariri. Hawakungoja. Wakamalizia wenyewe kwa sauti moja, kwa imani yote, na Mzee Fidelis ndiye aliyezidi wote:

"Arudi nyumbani."

Na mimi nikaitikia. Nilichelewa kidogo, kwa hiyo sauti yangu ilisikika peke yake.

Aliingia ndani pamoja nao. Nilimngoja kwenye ngazi, mguu mmoja pekupeku. Alipotoka alikaa karibu yangu, akavaa raba zake polepole, akafunga kamba za huku na za huku. Alipomaliza akaweka mikono magotini.

"Haya," akasema. "Amelala wapi?"

Nikamwambia. Nilimwambia kuhusu begi, na mwandiko wake, na kibao cha namba. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kilio chake kilikuja baadaye, na hicho sitakiandika. Kwanza alikaa akitazama barabara tuliyokuja nayo.

"Mpika," akasema. "Kutoka nyumbani mpaka huko, kwa miguu ni siku ngapi?"

"Sijui, Mama Issa," nikamwambia. "Ile njia naijua kwa gari tu."