Mizani ya Kusimamia

Gurudumu la kushoto la kiti lilikuwa linavuta pembeni, na kila likivuta, wifi mtu alilirudisha njiani kwa goti.

"Wifi, hiki kiti chako kina kiburi kama mwenyewe."

"Sukuma, acha maneno."

Siku nyingine fundi cherehani, aliyekaa kitini, angemjibu mpaka akome. Leo hakuwa na nguvu. Kichwa kilikuwa kinamgonga tangu alfajiri, na vidole vya mkono wa kushoto vimekufa ganzi. Jana aliacha kuzungusha cherehani yake ya mkono katikati ya mshono, akabaki anaitazama tu. Kwa kaka yake ilianza hivyo hivyo: kichwa, ganzi, kisha akaanguka bafuni. Presha. Sasa kaka mtu amelala chumba cha mbele, na anayemlisha kwa kijiko ni mkewe, huyu huyu wifi anayesukuma kiti.

Kipimo cha zahanati yao kilikufa zamani. Kwa hiyo gari la matangazo lilipopita likisema kupima presha ni bure, ni kwa wote, hakuna atakayeachwa, wifi alifunga genge lake la mboga bila kuulizwa.

"Twende. Ukianguka na wewe, nitawalisha kwa zamu?"

Alicheka peke yake. Fundi aliogopa, na alijua mwenzake anaogopa zaidi.

Ukumbi wa kupimia ulikuwa juu, na njia ya kwenda juu ilikuwa ngazi tupu. Vijana wawili waliovaa fulana za kampeni hiyo ya kupima walimnyanyua na kiti chake kama kabati linalohamishwa. "Pinda, pinda, usimgonge ukutani," mmoja alimwambia mwenzake. Yeye hakuna aliyemuuliza kama anaumia.

Kwenye meza ya kwanza alikaa nesi, sauti imemkauka kwa kuita watu.

"Panda mizani, mama."

"Sisimami, mwanangu."

Nesi alimtazama miguu, akaitazama mizani. "Uzito ndio kwanza. Bila uzito huendi meza ya presha."

"Presha si inapimwa mkononi? Mkono ninao."

"Utaratibu sikupanga mimi. Nikikupitisha hivi hivi, kule watakurudisha."

Hapo wifi akachuchumaa mbele ya kiti. "Panda mgongoni."

"We mwanamke una wazimu."

"Panda!"

Akapanda. Wifi, mwembamba yule, akainuka akiguna, akakanyaga mizani na mzigo wake. Foleni nzima ikaangua kicheko, na fundi naye, maumivu na yote, akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamdondoka.

"Sasa nipime peke yangu," wifi akasema huku akihema, "utoe wangu, ubaki na wake. Hesabu ya mtoto wa shule hiyo."

Nesi alikuwa anaelekea kukubali, macho yake yalisema hivyo. Lakini mratibu alikuwa amesikia kicheko, akaja na redio yake ya mawasiliano kiunoni.

"Hapana, hapana. Kila mtu anapimwa peke yake, la sivyo takwimu zitaharibika. Mama asubiri pale ukutani, tutamtafutia utaratibu maalumu."

Wakasubiri pale ukutani. Majirani walipita, wakapimwa, wakashuka wakishindana kutaja presha zao. Wifi alimfuata mratibu, akaambiwa bado kidogo. Akamfuata tena, akaambiwa asimsumbue mtu kazini. Fundi alifumba macho kwa sababu mwanga ulikuwa unamuumiza.

Alipofumbua, meza zilikuwa zinakunjwa. Mgeni rasmi amefika, muziki umefunguliwa, na nesi anatia kipimo cha presha ndani ya boksi.

"Yule mama wa kiti!" mratibu akakumbuka. "Mleteni mbele, aonekane."

Wakamsukuma hadi katikati ya safu ya waliojipanga kupigwa picha, pembeni ya mgeni rasmi.

"Mimi sijapimwa," fundi akasema.

"Picha kwanza, mama. Mgeni ana haraka."

"Na presha?"

"Mwakani tutakuja tena."

Mwakani! Hasira zilimpanda, lakini nguvu za kupiga kelele hakuwa nazo. Akapandisha mkono wa gauni hadi begani, akaunyoosha ule mkono wenye ganzi mbele, kuelekea kwa nesi na boksi lake, kama anyooshavyo mtu aliyefikiwa na zamu yake ya kupimwa. Akaushikilia hapo.

"Shusha mkono, mama," mpiga picha akaomba. "Unaziba."

Hakuushusha.

"Mwacheni," mgeni rasmi akasema kwa furaha, "anatusalimia." Akainua mkono wake akapunga, na safu nzima ikapunga pamoja naye, mratibu na vijana wa fulana wakitabasamu kwa kamera.

Nesi hakupunga. Alisimama na boksi lake kifuani, akiangalia ule mkono.