Tulikungoja

Nimekaa kwenye dirisha la kuandikisha watoto miaka ishirini na miwili, na wenzangu ofisini wananiita Mama Majina, kwa mapenzi kidogo na kejeli nyingi. Waache waseme. Akija baba anayetaka mwanawe aitwe jina la mtu wa kwenye televisheni, namtazama juu ya miwani mpaka anaanza kukohoa. Lakini akija mama na jina lenye kisa, kalamu inakimbia yenyewe. Nimemwandika Sikudhani, ambaye mama yake aliambiwa ana uvimbe tumboni. Nimemwandika Siachi, kwa sababu ndugu wa baba walimshauri baba amwache mkewe, naye akawajibu kwa jina la mtoto. Nimewaandika mapacha wa kike, Karibu na Kumbe, maana wa pili hakuna aliyejua kama yumo.

Kwa hiyo binti yangu, mtoto wangu wa pekee, aliponiletea jina la mtoto aliyembeba tumboni, nilijiona nina haki ya kulikagua.

"Tulikungoja? Hilo ni jina au ujumbe wa simu?"

"Mama, miaka tisa."

Ilikuwa miaka tisa ya mimba zinazoharibika, nne ninazozijua mimi na sijui ngapi alizonificha. Hii ilikuwa imefika mwezi wa tisa, na tumbo lilikuwa kubwa mpaka akawa anavalishwa viatu na mumewe.

"Na mwalimu akimwita darasani, wenzake wakacheka?" nilijaribu mara ya mwisho.

"Wacha wacheke. Yeye atajua kuna watu walimngoja. Watoto wangapi wana uhakika huo?"

Usiku ule nilikuwa nalitamka mwenyewe jikoni, na kufikia asubuhi nilikuwa nalipenda kuliko yeye.

Wiki aliyotarajiwa kujifungua, kitabu kipya cha vizazi kililetwa ofisini. Kwetu sisi makarani mtoto wa mstari wa kwanza katika kitabu kipya ana heshima yake. Tunamkumbuka miaka na miaka, tukimwona mzazi wake sokoni tunamuuliza hali yake, anatembea, anasoma, ameolewa. Nilijua nikilala, mstari ule utachukuliwa na mtoto wa mtu mwingine. Basi nikafanya jambo ambalo angelifanya karani mwingine ningemsemea kwa mkuu siku hiyohiyo. Nilimwandika mjukuu wangu kabla hajazaliwa. Niliandika jina lake, jina la mama na jina la baba kwa kalamu yangu nzuri, nikaacha nafasi ya tarehe tu. Nikapiga picha, nikamtumia binti yangu. Alinipigia anacheka na kulia kwa pamoja, hata sikuelewa anachosema. Kisha nikaendelea na foleni, mstari wa pili, wa tatu, wa nne.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, mkwe wangu alipiga simu. Alisema "Mama," akashindwa kuendelea, nami nikaacha watu wamesimama dirishani nikaenda.

Mtoto hakupumua. Alikuwa na kilo tatu kasoro, nywele tele, kucha ndefu kidogo. Hakuwa na kasoro yoyote ambayo mtu angeweza kuinyooshea kidole. Binti yangu alikuwa amelala amegeukia ukuta.

"Umeshamwandika, sivyo?" aliuliza bila kugeuka.

"Nimemwandika."

"Basi usimfute, mama. Sitaki kitu kingine chochote."

"Sitamfuta," nilisema.

Nilisema hivyo nami naijua sheria kuliko mtu yeyote ndani ya jengo lile. Anayezaliwa amekufa haingii katika kitabu cha vizazi. Ana kitabu chake, chembamba, chenye safu ya jinsia, uzito na wiki za mimba. Safu ya jina haimo. Njia ilikuwa moja tu: karatasi ya hospitali iseme mtoto alivuta pumzi. Pumzi moja ingemfanya kuwa aliyezaliwa hai, na aliyezaliwa hai ana jina, hata akifa papo hapo.

Nikamvizia mkunga kwenye ujia.

"Dada, nakuomba. Pumzi moja tu. Andika alivuta moja."

"Mwaka juzi nilikuletea mama mwenye ombi hilihili. Unakumbuka ulivyonijibu?"

Nilikumbuka. Nilimwambia ofisi yangu haiandiki huruma, inaandika vizazi. Nilimwambia mbele ya yule mama.

"Sikulipizi," alisema. "Daktari ameshatia sahihi. Na mimi nilimpulizia mjukuu wako dakika ishirini, dada. Ningeona hata nusu ya pumzi, ningeiandika."

Akaniacha pale kwenye ujia. Nilimlilia mjukuu wangu, na kwa mara ya kwanza nilimlilia yule mama wa mwaka juzi, ambaye hata sura yake sikuikumbuka.

Niliporudi kazini mkuu wa ofisi alikuwa ameshauona mstari usio na tarehe. Si mtu mbaya. Alifunga mlango kwanza.

"Lazima ufutwe. Wino mwekundu, na sahihi. Nipe nifanye mimi, wewe nenda nyumbani."

Niliutazama mkono wake. Yule bwana huweka sahihi kama anayefukuza nzi. Nikamwona akilini anaparura jina lile bila kujua hata lilisubiriwa miaka mingapi, na roho ikakataa.

"Nitafuta mwenyewe."

Nikachukua kalamu nyekundu na rula, nikapiga mstari mwembamba, polepole, ili kila herufi iendelee kusomeka. Nikajiambia huo ndio upole uliobaki. Nikatia sahihi.

Binti yangu alikuja baada ya wiki mbili, amevaa ndala, kitenge kimefungwa ovyo. Hakupitia mlango wa nyuma anaopita siku zote. Alipanga foleni, zamu yake ilipofika akasimama dirishani.

"Nionyeshe."

Ningeweza kusema kitabu kimechukuliwa. Nilikifungua nikakigeuza upande wake. Alisoma kwa muda mrefu kuliko jina lenyewe lilivyohitaji.

"Nani amepiga huu mstari?"

"Mimi."

"Uliniahidi."

"Nilikuahidi, mwanangu. Mkuu angefuta yeye, nikaona afadhali uwe mkono wangu."

Aliinama karibu na karatasi, akapitisha ukucha juu ya ule mstari, kutoka herufi ya kwanza mpaka ya mwisho.

"Umenyooka," alisema. Kisha akainua macho. "Mama, ulitumia rula?"

Nilitaka kumwambia kwamba bila rula ningelichafua jina zima. Nyuma yake mtoto mchanga alianza kulia, na mama yake alikuwa akihangaika kumbembeleza huku ameshika karatasi za hospitali kwa meno. Binti yangu alisogea pembeni kumpisha.

"Pita, dada," alimwambia. "Mimi nimemaliza."