Nyuzi Kumi na Sita

Jioni moja ya mwezi wa Juni, Najma alikuwa akimsuka mteja wake Jeanne katika chumba cha nyuma cha nyumba yao ya Rosettenville, kusini mwa Afrika, ambako Juni ni majira ya baridi, na kila akimaliza mstari alisimama kupuliza vidole. Chumba kile hakipati jua, na chini ni saruji tupu. Hita ya kupasha chumba ilikuwa moja tu nyumba nzima, nayo ilikuwa sebuleni, imeelekezwa kwenye tangi la samaki.

Samaki wenyewe ni perege wadogo wa mapambo, wenye vidoa vya buluu, ambao mumewe Othmani aliwanunua Randburg. Othmani ni mtu wa Tanga. Kwake yeye baridi ni ugonjwa na samaki ni kiumbe wa maji ya uvuguvugu, basi. Ndani ya tangi alitia kihita cha maji, akakiweka nyuzi ishirini na nane. Nje akaongeza ile hita ya chumba. Usiku akalifunika tangi kwa blanketi, tena blanketi la Najma. Samaki wakawa wanahema juujuu, rangi imewapauka. Yeye akasema wanaona baridi, akaongeza moto.

"Baba Ummi, na mimi nina baridi," Najma alimwambia. "Vidole vikifa ganzi msuko unalegea, na mteja harudi."

"Si uvae sweta, mama. Samaki atavaa nini?"

Haya, mjibu mtu kama huyo. Ilimuuma Najma, akavaa sweta.

Jioni hiyo samaki walitoka. Dume mkubwa alitangulia, akaikata sebule hewani, usawa wa kifua cha mtu, akapita mlangoni na wenzake nyuma, wakaingia chumba cha nyuma bila haraka yoyote. Jeanne, mama wa Bukavu, aliinamisha kichwa kuwapisha.

"Pardon," aliwaambia. Kisha akasema, "Mama Ummi, samaki yako inapita."

"Si wangu, wa mume wangu. Tulia, nisije nikapindisha mstari."

Wakajitia kwenye beseni la kuoshea nywele, lenye maji ya bomba ya tangu asubuhi. Mapezi yakakunjuka. Kufika magharibi vidoa vya buluu vilikuwa vimerudi, na Othmani amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Akawarudisha kwa kikombe. Kesho yake wakatoka tena, na keshokutwa, mpaka wateja wakazoea kuwapisha.

Najma akampigia simu Steve, aliyewauzia. Steve akamweleza kwamba hao si wa maziwa ya Afrika, ni wa Uruguay, na kwao kuna majira ya baridi. Kiangazi wanataka nyuzi ishirini na mbili hadi ishirini na tano, lakini baridi ikiingia maji yashuke mpaka kumi na sita hivi, wapumzike. Wakipikwa mwaka mzima wanaugua na hawazai. Hayo yote alishamwambia mumewe siku ya kununua. Othmani aliulizwa, akakumbuka. Siku ile alidhani Mzungu anambania hita.

Najma akatia kipimajoto kwenye beseni. Kumi na sita. Alifurahi mpaka akacheka peke yake, maana sasa hita haikuwa na kazi tena sebuleni. Akafagia kona karibu na kiti cha wateja, pa kuiweka.

Othmani ni muungwana, akikosea hukubali. Jumamosi alikitoa kihita cha maji, akamwita jirani yao Gaston, wakalibeba tangi mpaka chumba cha nyuma, wakalitua kwenye ile kona iliyofagiliwa. Samaki wakaingia wenyewe. Kisha akaifuata hita sebuleni, na alipoiinua Najma akanyoosha mikono kuipokea.

"La, Mama Ummi," alisema kwa upole. "Unataka kuwaua? Chumba kile joto marufuku mpaka Septemba."

Akaigeuza ikaelekea kochi, akakaa, akanyoosha miguu.

Najma akarudi kwa Jeanne, aliyekuja kusukwa upya Jumamosi hiyo, akapuliza vidole, akashika mstari unaofuata. Dume mkubwa alitoka tangini, akazunguka chumba kidogo, kisha akaenda kujilaza begani kwa Najma, mahali palipokuwa na baridi zaidi.