Mashini ya Sita

Batu kumi na ine balipata mesaji ya bafu, ya batu benye balishakufa, siku ya mardi, saa ine ya asubuhi, jua kali, soko ya Baraka imejaa mupaka ku barabara. Hakuna hata mumoja mwenye alikuwa analala, kwa hiyo musiseme ilikuwa ndoto. Solange alikuwa anapimia muntu ndagala, bale samaki badogo ba ziwa. Akachungulia telefone, kopo ikamutoka mu mukono, ndagala zikamwangika chini na hakuna mwenye aliokota.

Mesaji yenyewe ilikuwa ya adabu kabisa. «Njia ya Ziwa inakujulisha: Fabien amepanda canot ku Uvira saa moja. Atafika Baraka saa sita. Karibu umupokee.» Fabien alikuwa kaka ya Solange. Na ile canot ilizama miaka mbili ya nyuma, upande wa Makobola, siku ya mvua na radi. Ziwa ilirudisha batu batatu tu. Fabien alikuwa mumoja wa bale batatu, Solange mwenyewe alimufunga sanda.

Saa tano haijafika, port ilikuwa nyeusi na batu. Benye balikuwa bashalipa tikiti ya siku ile banashuka mu canot bila kuulizwa. Balisema bafu banasafiri, na mu canot moja haikai bafu na bazima.

Mwenye alituma ile mesaji ni Tania, na Tania haiko muchawi. Alisoma informatique, masomo ya kompyuta, ku Uvira, akapata kazi ku Njia ya Ziwa, ile kampuni ya macanot yenye biro yake inaangaliana na port. Alipewa kazi moja tu: kuhamisha kampuni yote ku cloud. Zamani kampuni ilikuwa na ordinatere tano, kila moja na kazi yake: ingine ya bapasaje, ingine ya mizigo, ingine ya kutumia bandugu mesaji. Vumbi na courant ya groupe, ile moteur ya kutoa umeme, zilikuwa zinaziua moja-moja. Njo technicien wa kwanza, Jérémie, akaleta serveur, ordinatere moja kubwa ya nguvu, akahamisha zile tano zote mule ndani, zikabaki mashini bila mwili. Bafundi banaziita mashini virtuelle. Tano zinaishi mu sanduku moja, na kila moja inaamini iko peke yake mu dunia. Sasa papa Déogratias, directeur, alishachoka na ile sanduku vilevile. Joto, mazout, na kila wakati bunduki zikisikika ku milima, batu banakimbia, serveur inabaki. Alitaka kazi yote ikae mu maserveur ya kukodi kule mbali, Baraka ibaki na ekra za kuangalilia tu.

Mbele ya kuhamisha, unafanya inventaire. Unaandika kila mashini: jina yake, kazi yake, nani anaitumia, na ikizimika nani atalia. Jérémie aliacha karatasi yenye mashini tano. Tania akafungua serveur, akakuta sita.

Ya sita haikuwa imezimwa na haikuwa imewaka. Ilikuwa imelalishwa. Mashini ya namna ile unaweza kuisimamisha katikati ya kazi, kinywa wazi, na siku utaiamusha inamalizia neno yenye ilikuwa inasema. Haijui kama siku zilipita. Ku masomo bashamufundisha Tania: mashini usiyoijua, ikatie rezo kwanza, isipate njia ya kutuma kintu inje, kisha uiamushe. Alijua hata kuieleza, mu examen alipata kumi na nane ku makumi mbili. Lakini papa Déogratias alikuwa anauliza kila dakika kama bishaisha, na Tania akajiambia acha niangalie kidogo tu. Akaiamusha na rezo wazi. Mashini ikamalizia neno yake.

Alielewa kosa yenye alifanya wakati Solange aliingia mu biro na kuweka telefone ku meza mbele yake, polepole, kama vile unaweka yai.

— Dada, we unajua kusoma hii. Nisomee. Ni nani anamupandisha kaka yangu mu canot mara ya pili?

Papa Déogratias njo alijibu, toka ku mulango: ni virus, batu babaya ba internet, mama arudie ku soko, kampuni itaomba pardon ku radio. Solange alipotoka, directeur akafunga mulango na akasema kwa sauti ya chini, ile mashini ya sita ifutwe, ikifika saa nane yee asiikute tena. Kisha akaenda kutuliza batu ku port.

Tania akabaki anaangalia mulango. Hakuwa amemuambia papa Déogratias kama ni mashini ya sita. Hakuwa amemuambia muntu yeyote.

Basi akaingia mule ndani kwa kweli. Saa ya mule ilikuwa inaonyesha asubuhi ya ile siku ya ajali, saa mbili haijafika. Kwa ile mashini, canot ilitoka tu Uvira. Iko inapita, ziwa imetulia, na hakuna mwenye alikufa. Majina yalikuwa yamefika toka Uvira bizuri, kisha radi ikapiga antenne ya Baraka, na mesaji zikakwama mu foleni mbele ya kutoka. Zikangojea miaka mbili. Mu ile foleni yalikuwa majina kumi na ine.

Baraka nzima inajua kama batu balikufa mule ni tisa. Tisa njo balisomwa ku radio, tisa njo majina yao iko ku msalaba ya simenti karibu na port. Ile canot ilikuwa na ruhusa ya kubeba batu tisa. Tania akahesabu mara ine, akaweka kidole ku ekra kama mutoto wa première mwenye anajifunza kuhesabu. Batano balikuwa zaidi. Nyuma ya ajali, muntu fulani alimuambia Jérémie alalishe hii mashini na atengeneze ingine mupya yenye majina tisa. Jérémie alilalisha. Lakini kufuta, mukono ilimukatalia, na muda kidogo akahama muji.

Tania alikuwa na njia mbili, na zote alikuwa anaziona bizuri. Kufuta ni sekonde tatu: unabonyeza, inakuuliza kama uko hakika, unabonyeza tena. Kazi yake inabaki, biro inanyamaza. Ao aibebe ku cloud kama zile zingine, kule mukono ya muntu wa biro haiwezi kuifikia. Lakini na rezo ya Baraka ilihitaji masaa ine, na saa nane ilikuwa karibu. Akaanza kuibeba. Akaona ile mustari ya kijani inatembea kama konokono, asilimia mbili, asilimia tatu.

Njo pale pikipiki ikasimama inje, na mama moja akashuka amevaa kikwembe ya kanisa.

Alikuwa anaitwa Constance, ametelemuka toka Fizi-Centre. Alikuwa na kitunga yenye chakula ndani, sombe ya moto, na alikuwa anacheka. Kati ya batu bote ba ile siku, ni yee peke yake alikuwa anacheka. Aliuliza canot ya Uvira inasimama upande gani, sababu mutoto wake Dieumerci iko anakuja, bashamuandikia.

Lazima mujue kama Dieumerci alikuwa anasoma Uvira, na muhula ile ikaisha hakuonekana nyumbani. Mama alikuja kuuliza ku Njia ya Ziwa, bakamusomea liste: hayuko. Batu ba Fizi bakasema basi ameenda kuchimba zahabu Misisi, amesahau mama yake, ni vijana ba sasa. Constance alikwenda Misisi mara tatu, akazunguka mashimo na picha mu mukono. Kumulilia hakuweza. Kwao, kukalia matanga ya muntu mwenye hujajua kama amekufa ni kumuua wewe mwenyewe. Miaka mbili hakunyoa nywele, hakuchukia, hakulia, hakufurahi. Alikuwa amekaa tu katikati, na bandugu balishaanza kumukimbia.

Tania angeweza kusema virus. Neno ilikuwa tayari ku ulimi, papa Déogratias alishaitengeneza. Akamuonyesha kiti. Mama akakataa, anataka kusimama fasi mutoto atamuona haraka.

— Mama, hakuna canot yenye inakuja.

— Inakuja, mwanangu. Soma. Saa sita.

— Ile mesaji ni ya miaka mbili. Ilikwama. Mi njo niliifungua leo, bila kujua. Ni ya ile siku ya radi.

Constance akaangalia telefone, akamuangalia Tania, akaangalia tena telefone. Ile kicheko haikutoka haraka. Ilibaki ku sura kama taa yenye muntu amesahau kuzima. Akasema ku ile liste mutoto wake hayukuwa, yee mwenyewe alisikia na masikio yake. Tania akamushika mukono, akamuingiza mu chumba ya serveur, ile chumba ya joto yenye kelele ya baventilateur za kupooza mashini, akamuonyesha jina. Ya kumi na moja. Dieumerci, kiti ya nyuma, ameandikisha muntu wa kumupokea: mama.

Constance hakulia. Akauliza ile saa ya ku ekra ni ya nini. Tania akamueleza vile alivyoweza: hii mashini haijui kama siku zilipita, mule ndani bado ni ile asubuhi, na saa yake inatembea toka pale ilisimamia.

— Basi mule ndani bado hajakufa.

Tania akaangalia ile saa.

— Iko juu ya maji, mama akasema. Iko anakuja. Usizime. Acha afike.

Akakaa chini ku simenti, miguu mbele, kikwembe ya kanisa na yote. Solange, mwenye hakurudia ku soko hata kidogo, alikuwa ku dirisha amesikia. Akaingia, akakaa pembeni yake. Kisha bamama bengine, ba bale tisa ba ku msalaba. Banajua fasi yenye muntu anangojea habari ya muntu wake, haumuache peke yake. Bakajaza chumba, bakajaza kuluari mupaka ku mulango ya inje, mwenye alikuwa na mutoto ku mugongo akamushusha. Ile sauti ya baventilateur tu, na saa ya ku ekra inahesabu: saa tatu. Saa tatu na nusu. Inje saa sita ilikuwa imepita kidogo, mule ndani canot ilikuwa inaacha Makobola nyuma. Tania aliona mama moja anafungua telefone yake taratibu na kuisoma tena, kinywa inatembea.

Saa nane papa Déogratias akarudi. Akasukuma mulango, mulango ikagonga mugongo ya mama, akachungulia juu ya vichwa. Akamuambia Tania azime. Tania akasema haiwezekani kufikia ku clavier ili abonyeze, ni kweli, bamama balikuwa bamekaa mupaka chini ya meza. Directeur akawaomba batoke inje, biro ni ya kazi. Hakuna mwenye aligeuka. Constance njo alimujibu, bila kasirani, vile muntu anaelekeza mugeni:

— Papa, hapa kuna matanga karibu. Uvue kofia.

Na papa Déogratias, muntu wa Baraka, mwenye alizikisha baba yake na bajomba yake fasi hii, mukono wake ikapanda peke yake ikavua kofia. Muntu wa hapa hawezi kufukuza batu chini ya matanga, hata akiwa na bunduki. Kisha akakaa ku kizingiti, macho ku viatu, na jasho inamutiririka ku shingo.

Saa tisa kasoro kidogo ya inje, saa ya mule ndani ikafika sita. Ile programu ilitengenezwa hivi: canot ikifika, agent anaweka alama ku kila jina. Saa ikipita bila alama, jina inakuwa nyekundu. Yakaanza toka juu. Moja. Mbili. Fabien, na Solange akafunga macho. Ya kumi na moja ikageuka, na pembeni yake ikaandikwa «hajafika».

Constance akaweka mikono mbili ku kichwa. Ile sauti yenye ilimutoka, batu balisikia mupaka ku Mulongwe, na benye balikuwa ku soko balijua bila kuuliza, bakafunga mizigo bakakuja na kuni. Bamama bakamuvua kitambaa ya kichwa. Jioni haijafika moto ilikuwa inawaka mu lupango, ile kiwanja ya Njia ya Ziwa, viti vyote vya biro inje. Constance alikataa kwenda kulilia Fizi. Alisema matanga inakaa fasi muntu alipatikana, na mutoto wake alipatikana hapa.

Katikati ya kile kilio, mustari ya kijani ilifika mwisho. Tania peke yake aliiona. Mashini ya sita ilikuwa sasa fasi mbili, na moja ya zile fasi hakuna mukono wa Baraka wenye ungeweza kuifikia.

Papa Déogratias alikuwa bado ku kizingiti. Tania alipita juu ya miguu yake. Kazi yake ilikuwa imeisha ao haijaisha, hakujua, na hakukuwa na muntu wa kuuliza. Alikuwa ameandika ku mukono, na biki, namba ine za telefone za bandugu ba bale bane bengine benye hawakusomwa ku radio. Akasimama nyuma ya biro, fasi kilio inapungua, akapiga ya kwanza. Ilikuwa ya Kabanyana wa Bibokoboko, kule ku milima, muke ya Ngabo, ule mwanaume mwenye alikwenda Uvira kutafuta dawa ya ngombe miaka mbili ya nyuma.

Telefone ikaita kidogo tu. Mama akapokea anahema, upepo inapiga ndani, na Tania akasikia mawe yanateleza chini ya miguu. Mbele Tania aseme jina yake, ile sauti ikamuambia kwa furaha asiwe na wasiwasi, mesaji ilifika, iko njiani anatelemuka tangu asubuhi, ameacha ngombe na jirani, na bamuambie Ngabo asiondoke ku port.

— Mama Kabanyana, Tania akasema. Tafuta fasi ukae chini kwanza.