Mama Mtu Atoke Nje

Hapa Mbuchi mtoto wa kike akitimiza arobaini huletwa kwangu kutogwa masikio. Sindano, uzi mweusi, mafuta ya nazi, kazi imekwisha. Sharti langu lilikuwa moja tu: mama mtu atoke nje. Akibaki hulia kuliko mtoto, na mkono wa fundi hautaki kelele. Walikuwa wakitoka huku wakijifuta machozi kwa kanga, nami nikiwacheka mpaka wafike uani.

Basi mwanangu Zuhra, yuko kidato cha pili, alitaka tundu lingine, juu kabisa, pale sikio linapokuwa gumu. Nikamwambia pale hapatogwi, na anayepatoga hana mama wa kumkataza. Nikadhani nimemaliza. Yeye akaingia kwenye simu, akatazama video ya msichana asiyejulikana hata kwao wapi, akachukua pini ya mtandio, akaipitisha kwenye moto wa kiberiti, akajitoga chooni, akatia hereni. Nyumbani kwa fundi, kwa pini ya mtandio.

Baada ya hapo akawa halali usingizi bila mtandio kichwani, nami nikajisifu kwa majirani kwamba binti yangu ameshika dini. Aliyenizindua ni baba yake, Gharibu, mtu ambaye hata mchuzi ukizidi chumvi hajui. Alisema tu kwamba mtandio wa Zuhra unanuka. Nikaufunua. Sikio lilikuwa limeumuka, linatoa usaha, na hereni imezama kwenye nyama.

Nilifoka mpaka jirani akazima redio ili asikie vizuri. Kuhusu afya ya mtoto nilisema kidogo sana. Kilichonikera ni tundu lenyewe: lilikuwa limekwenda pembeni. Wateja wangu wakiliona watasema nini?

Zuhra aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Mama, upande huu sisikii vizuri."

Nikaligusa lile sikio, linawaka moto. Hasira ikaniishia, nikaogopa kweli. Nikachukua sindano niitoe ile hereni mwenyewe, mimi niliyetoga nusu ya wanawake wa kijiji hiki. Mkono ukakataa.

Tukapanda boti kwenda zahanati, ile ambayo miaka yote nimekuwa nikisema ni ya watu wasiokuwa na mafuta ya nazi. Muuguzi, Zamda, alilichunguza sikio akasema tungechelewa kidogo tu lingeharibika umbo. Ataitoa hereni, asafishe, kisha ampe dawa. Nikavuta kiti nikae karibu na mwanangu nimshike mkono.

"Bi Mwanaidi," Zamda akasema kwa heshima zote, "mama mtu atoke nje."

Nikamkodolea macho.

"Nilipokuletea wa kwangu uliniambia hivyohivyo," akasema, akavaa glavu.

Nikatoka. Kwenye benchi la nje walikuwepo wanawake watatu, na wawili kati yao nimewatogea watoto. Zuhra alipiga kelele mara moja. Mimi nililia mpaka kanga ikalowa. Wakanisogezea nafasi nikae, na hakuna hata mmoja aliyenicheka. Hilo liliniuma kuliko kama wangenicheka.

Sikio lilipona, usikivu ukarudi. Kisha Salama, jirani wa pili, akamleta mtoto wake wa kwanza. Nilipotoa sindano akanyanyuka mwenyewe kwenda uani, desturi anaijua.

"Kaa," nikamwambia. "Mshike mwenyewe."

Akakaa, hakuamini. Nikachoma. Mtoto akalia, Salama akalia, na mimi, kwa kumtazama anavyomkumbatia mwanawe, macho yakajaa maji na mkono ukanicheza.

Zuhra alikuwa ameshika kopo la mafuta. Akainama, akalitazama lile sikio dogo kwa utulivu kama mtu aliyesomea kazi hiyo.

"Mama," akasema taratibu, "limekwenda pembeni."